Unga Kwenye Spika

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Resty ametumbukiza simu yangu kwenye uji sasa hivi. Nadhani alitaka kuilisha. Ana miaka miwili na huruma nyingi. Juzi alimvalisha kuku soksi. Nimeiopoa, nimeifuta kwa leso, bado inawaka. Watu husema simu iliyolowa ifukiwe kwenye mchele. Mchele hatuna. Nimeifukia kwenye unga wa posho, huu wa mahindi. Si vyote vinakauka?

Jioni. Simu imepona. Nikiitikisa inamwaga unga kidogo, kama inapiga chafya, lakini kioo ni safi.

Na imepona kwa wakati. Mwalimu Phanuel wa kwaya ametangaza kwamba Jumapili tunakwenda Tororo kwenye kongamano la makanisa, na anatafuta wa kuongoza wimbo wake mpya wa kuabudu. Anayetaka ajirekodi ubeti wa kwanza, atume kwenye kundi letu la WhatsApp kabla ya Ijumaa usiku. Waumini watabonyeza moyo. Mwenye mioyo mingi ndiye kiongozi.

Mama yangu atatoka Molo, ya huko huko Tororo, kuja kwenye kongamano hilo. Hajanisikia nikiimba tangu nijifungue. Pasaka alimwambia shangazi, mimi nikiwa pale pale namenya viazi, kwamba sauti ya Benedeta ilitoka pamoja na mtoto. Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo iliponiuma. Nataka anisikie nikiwa mbele, maikrofoni mkononi.

Tatizo ni Wilkister. Anakaa Busia ya Kenya, anavuka mpaka kila asubuhi kuuza kava na chaja za simu upande wetu wa Uganda, na anaimba kwaya yetu kwa sababu, anasema, kwaya ya kwao imejaa siasa. Ana ile taa ya duara ya kujirekodia. Mimi nina tochi.

Jumanne, tarehe 5

Nimepata akili. Jirani yangu Mama Egau amejenga choo kipya, plasta hadi juu. Hakijaanza kutumika, anamsubiri mchungaji aje akiombee. Ndani sauti inazunguka kama kanisa kubwa. Nimejifungia humo, nimefumba macho, nimeimba ubeti wote. Mpaka nimetokwa na machozi. Mwisho kabisa Resty amegonga mlango kwa kijiko akauliza, "Mama, pupu?" Imeingia kwenye rekodi.

Mama Egau amenikuta natoka. Ameuliza kama nimemzindulia choo chake. Nimemwambia nilikuwa naabudu. Amechungulia ndani, akaniuliza tena.

Halafu nimesikiliza rekodi. Bambi, masikini mimi. Inakwaruza kama bati linaloburutwa. Mafua matupu. Kumbe mama alisema kweli. Nimekaa mlangoni. Resty akanipa kijiko chake.

Jumatano, tarehe 6

Wilkister ametuma wimbo wake. Na yeye anakwaruza! Nimeurudia mara kadhaa kwa furaha. Kisha nikajikumbusha kuwa mimi ni Mkristo, nikamwandikia mbele ya kundi zima: Pole sana dada kwa hiyo sauti, kunywa tangawizi, tunakuombea upone kabla ya Jumapili.

Akajibu kwamba yeye yuko fiti kabisa, asante. Majivuno ya mgonjwa. Watu wakammiminia mioyo. Waumini wetu wana huruma kweli.

Basi nikawaza: kama wote sauti zimeharibika, atashinda mwenye dawa. Nimepakua app ya kusafisha sauti. Ina vitufe vitatu: Malaika, Jukwaa na Nzito. Nimebonyeza vyote ili isafike vizuri. Nikasikiliza. Bado inakwaruza, lakini sasa inakwaruza kwa nguvu. Nimetuma.

Alhamisi, tarehe 7

Moyo mmoja tu. Ni wa mume wangu Bwire, na umefuatwa na simu. Amepiga kutoka Osukuru, kwenye kiwanda cha mbolea anakofanya kazi, kuniuliza ni mwanaume gani anaimba kwa namba yangu, na kwa nini ameingia ndani ya pipa. Mwalimu Phanuel naye aliuliza kwa heshima kama nilikosea nikatuma tangazo la mnada.

Sikukata tamaa. Hapa mpakani kila mtu ana laini mbili, ya huku na ya kule. Nimefungua WhatsApp ya pili kwa laini yangu ya Kenya, nikajiita Mtumishi Taaka, nikaingia kundini. Kisha nikaandika kwa utulivu: Bwana asifiwe. Mimi ni mgeni kutoka Kenya. Huyu dada Benedeta simjui, lakini uimbaji wake umenigusa. Mpeni nafasi.

Halafu Mama Egau akauliza, "Benedeta, umekuwa mgeni tangu lini?"

Nilikuwa nimetuma kwa laini ya Uganda. Jina langu pale juu, na picha yangu nimembeba Resty.

Nikakimbilia laini ya Kenya nikajibu kama Taaka kwamba samahani wapendwa, nimemtembelea dada Benedeta na nilishika simu yake bila kujua. Nikaona nimejiokoa vizuri. Ndipo Wilkister akaandika kwamba si ulisema humjui, mtumishi? Lakini sawa, kama uko kwa mama Resty, kesho napitia nikusalimie.

Ijumaa, tarehe 8

Amekuja kweli. Na mandazi ya mgeni. Nimemwambia mtumishi ameondoka alfajiri. Akauliza ameenda njia gani. Nikaonyesha njia. Akasema, "Hiyo si inaenda kwa choo?" Resty amekula mandazi ya mtumishi yote.

Kisha akasema, "Mama Resty, hebu cheza ile rekodi yangu ulinionea huruma." Nimeicheza. Amesikiliza, amechukua simu, ameigonga kwenye kiganja. Unga ukamwagika.

"Ai, mama Resty. Unasongea ugali kwa spika?"

Ametoa mswaki mkuukuu kwenye mkoba wake wa kazi, akapiga mswaki simu yangu kama meno ya mtoto. Akaicheza tena rekodi yake. Ilikuwa safi, tamu, imenyooka. Nikakumbuka ile tangawizi niliyomwandikia, nikatamani nifukiwe mimi kwenye unga.

Halafu, bila kuniomba, amefungua rekodi yangu ya chooni. Ile ya kwanza, kabla ya app. Sikuamini. Ilikuwa sauti yangu, ile ya zamani, na kitu kingine chini yake ambacho zamani sikuwa nacho. Imekwenda hadi "Mama, pupu?" na Wilkister hakucheka. Amejifuta jicho kwa kidole. Ameniuliza hii nilikuwa naificha ya nini. Akaituma kundini mwenyewe, na mimi nimesimama pale na kijiko cha Resty.

Mioyo imekuja mpaka simu ikapata joto. Mama Egau ameandika kwamba wajue hicho ni choo chake. Mwalimu Phanuel amepiga: tutaongoza wawili, mimi ubeti wa kwanza, Wilkister wa pili.

Sasa najiuliza. Kwa nini amenisaidia? Lazima ana mpango.

Jumapili, tarehe 10

Tororo. Tumeimba. Mama alikaa karibu na mbele, amevaa gauni, ile gomesi yake ya harusi za watu. Nilipofika katikati ya ubeti sikuona tena watu, niliona gomesi tu. Resty alikuwa mapajani mwake, amenyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Baadaye mama alinishika kidevu kama mtu anayetafuta jino bovu. Akasema, "Kumbe ipo. Ilikuwa wapi?" Nikamwambia ilikuwa kwenye unga. Akaitikia kwa kichwa, kama vile nimemjibu.

Jumatatu, tarehe 11

Mtu alirusha video kundini jana ile ile tuliporudi. Kichwa changu kimekatwa, Wilkister yuko mzima. Watu wote wanamsifu yule wa kitambaa cha bluu. Wa bluu ni yeye. Nilijua tu ana mpango.

Nimejifunza, lakini. Kosa langu lilikuwa kuweka WhatsApp mbili kwenye simu moja. Jana jioni nilichukua ile simu ya zamani ya Bwire, nikaitia laini ya tatu, nikaingia kundini kwa jina la Mzee Ecweru. Mwanaume, hakuna atakayeshuku. Ameandika kwamba yeye ni mzee wa kanisa huko Sop Sop, hamjui mtu yeyote hapa, ila yule wa ubeti wa kwanza ni kipawa. Leo asubuhi Resty akaiogesha hiyo simu kwenye beseni. Hakuna shida, nimeifukia. Safari hii kwenye sufuria la unga wa muhogo, maana ni laini zaidi.

Kuna mtu anabisha. Ni sauti ya Wilkister, anaita, "Mama Resty, fungua, nimemletea Mzee Ecweru mandazi," na Resty anakimbia kumfungulia na hilo sufuria la unga mkononi, ngoja nimuwahi kabla haja