Fomu ya Nyumba ya Mama Mkwe

Wenzangu, leo nimekwisha. Aibu niliyopata haitoki kwa sabuni.

Kazi yangu mnaijua: karani wa Bwana Afya, Mzungu yule anayekagua nyumba za kupanga hapa Musoma. Kota moja ya serikali ilibaki tupu, na amri ikatoka kwamba mfanyakazi wa serikali anayeishi kwenye chumba kibovu kuliko vyote ndiye ahamie. Mama mkwe wangu anafuaga mashuka ya hospitali ya serikali, na amepanga chumba mtaa wa Mukendo pamoja na wajukuu watatu. Basi juzi nikafika kwake na fomu.

Shida ni kwamba kwetu mwanaume haingii chumbani kwa mama mkwe. Akikiona kitanda chake, ni mwiko mkubwa. Nikasimama njiani (karani wa afya mzima, nakagua nyumba kutoka njiani!) nikauliza maswali kupitia ukuta.

"Mama, paa linavuja?"

"Tunamshukuru Mungu, baba."

Nikaandika: halivuji. Sakafu? Akamshukuru Mungu. Nikaandika: kavu. Dirisha? Hivyo hivyo. Ni mama mkwe gani atamlilia mkwewe shida zake?

Leo asubuhi nikatumwa kupeleka ufunguo wa kota kwa dereva mmoja wa boma, ambaye chumba chake ndicho kilichoonekana kibovu zaidi kwenye fomu. Nikaupeleka huku napiga mluzi. Niliporudi, Bwana Afya alikuwa ameshika fomu yangu. Akasema Mukendo nzima ni chumba kimoja tu kisicho na kasoro hata moja, anataka akione kwa macho yake.

Tukafika, akaingia. Mimi nikabaki nje nikitazama kuku. Akaniita, nikakohoa. Akaniita tena, sasa kwa hasira. Nikaingia kinyumenyume ili nisione kitanda. Mguu ukatumbukia kwenye karai la maji ya mvua ya jana, nikaserereka, nikaanguka kitako. Juu ya kitanda chenyewe! Kikavunjika. Na godoro, jamani, lilitoa maji kama dodoki.

Mama mkwe alikuwa amejibana pembeni, kanga usoni. Dirisha hakuna. Mjukuu mdogo anakohoa mpaka anainama. Bwana Afya akanisomea fomu yangu mstari kwa mstari, nami nimekaa palepale kwenye majimaji. Kisha akauliza ufunguo wa kota uko wapi. Nikamwambia dereva ameshaingiza vyombo.

Hapo mama mkwe akasema, kanga bado usoni: "Usimgombeze, Bwana. Mimi ndiye sikusema."

Afadhali angenizaba kofi.

Wazee wanadai mbuzi wa kutakasa kitanda. Nitampeleka kesho. Nyinyi chekeni tu, ila mvua ikianza kunyesha, mnyamaze kidogo.