Okidi ya Ruqaiya na Moshi wa Bibi Harusi

Jumanne, 1 Julai

Mimi, Muzamili, ndiye mwanaume pekee kuanzia Arua mpaka Koboko aliyelea okidi ya sapatu kwa mikono yake mwenyewe, miaka minne, mpaka ikatoa tumba!

Basi, mikono ni ya Ruqaiya, mke wangu. Mimi mmea niliubeba mara moja tu, siku ulipokuwa umekalia kiti changu. Lakini niliubeba bila kuutupa. Hiyo nayo ni kulea.

Leo Ruqaiya amekwenda Koboko. Dada yake Asiya anamwoza binti yake. Kabla ya kupanda gari alinisomea amri mbele ya Jamilah, mke wa mwanangu Kabiru, ili kuwe na shahidi. Mmea ukae kivulini. Maji asubuhi tu, kidogo, yapite kwenye magome ya miti na vipande vya makaa humo chunguni, yasituame katikati ya majani, maana utaoza kuanzia moyoni. Udongo wa shamba marufuku. Mbolea marufuku. Akamalizia: na wewe, Baba Kabiru, marufuku.

Jamilah alicheka. Nimeliandika hilo.

Wasiwasi wake naujua. Jumapili ya tarehe 13 anakuja Mama Viktoria wa Pajulu, mwalimu mstaafu, pamoja na akina mama wenzake wanaolea maua haya. Yeye ndiye aliyempa Ruqaiya mmea huu ukiwa na majani matatu. Akaahidi: siku ukichanua, atamgawia kipande cha okidi yake ya manjano. Ruqaiya hutaja manjano usingizini. Jina langu hajawahi kulitaja.

Ijumaa, 4 Julai

Limefunguka! Juu mwavuli wa mistari. Pembeni masharubu mawili yenye madoa. Chini kiatu. Kiatu kabisa! Kinamtosha panya mwenye heshima zake. Wanasema litakaa hivyo miezi miwili bila kunyauka.

Baada ya sala nilikaribisha watu. Nikasema ni kazi yangu. Basile alikuja bila kualikwa, huyu jirani Mkongomani muuza vitenge. Akauzunguka mmea mara mbili. Akauliza kiatu cha pili kiko wapi. Akasema mutu ya akili hawezi kungoja miaka mine kwa kiatu moja. Kisha akaingiza pua. Akatangaza kwa sauti: mzee, hii haina harufu! Hata maua ya boga iko na harufu!

Watu wakacheka. Walicheka huku wanakunywa chai yangu!

Jumamosi, 5 Julai

Sijatulia. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Boga!

Ruqaiya amepiga simu. Ameulizia ua. Kisha mbuzi. Kisha mimi. Anasema binti wa Asiya yumo kwenye moshi, wanamfukiza kila siku chini ya blanketi kwa udi na sandali, ngozi imeng'aa, harufu inafika barabarani. Nimeuliza wanatumia makaa mangapi. Amefurahi sana. Anasema miaka arobaini sijawahi kujali mambo ya harusi.

Ha! Kumbe!

Jumapili, 6 Julai

Jamilah alipokwenda sokoni nilitoa chetezo cha Ruqaiya. Makaa mekundu. Udi, ule wa sikukuu. Mmea juu ya kigoda, chetezo chini yake, blanketi juu ya vyote, kama walivyofanyiwa bibi na mama yangu. Bibi harusi anaingia ana wasiwasi, anatoka anameta. Ua ni nani likatae?

Basile akapita. Akasema Onduparaka wanacheza, twende mzee, dakika mbili tu. Nikaenda. Dakika mbili zilikuwa tisini, na nyingine za kugombana na refa.

Niliporudi nyumba ilikuwa wingu. Mbuzi anakohoa. Nikafunua. Ua limesimama! Na linanukia! Nikamvuta Basile kwa shati mpaka pale. Akanusa. Akanusa tena. Akasema ndiyo, sasa iko na harufu.

Ushindi. Nimelala kama waziri.

Jumatatu, 7 Julai

Ua limeinamisha kichwa. Nimeliambia liinuke. Nimeliambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kinubi. Hakuna.

Jumanne, 8 Julai

Limeanguka.

Jamilah alilikuta sakafuni kabla yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba." Kisha akasema Mama alikuwa anaamka alfajiri kuupangusa mmea majani kwa kitambaa, miaka minne, na mimi nikidhani anafagia.

Nilidhani anafagia.

Nimetembea kutoka sebuleni hadi barazani mpaka mbuzi amechoka kuniangalia.

Jumatano, 9 Julai

Basile ana dawa. Anasema upande wao, msituni, okidi ziko nyingi, ataagiza gunia zima, zimeng'olewa pamoja na mizizi. Gunia! Nikaona nyumba yangu imejaa viatu.

Kwanza nikampigia Mama Viktoria kupata ushauri. Nilibadilisha sauti. Nikasema mimi ni mkulima wa Inde. Akanisomesha. Misitu yetu ina okidi zake, lakini za sapatu kwao ni Asia, mbali huko, na huko nako zinakwisha kwa sababu ya watu wa magunia. Anayeng'oa msituni anaumaliza msitu ili ajaze shimo la takataka, maana nyingi hufa chunguni. Mtu wa heshima hununua miche iliyooteshwa kwa mkono, yenye karatasi za kuonyesha ilikotoka, au hugawiwa kipande na rafiki. Kisha anangoja.

Nikauliza kungoja mpaka lini. Akasema shina lililokwisha kutoa ua halitoi tena. Ni zamu ya chipukizi la pembeni. Miaka miwili, labda mitatu.

Kisha akasema, asante Mzee Muzamili, nisalimie Ruqaiya.

Sauti yangu ni ya kipekee mno. Hilo ndilo tatizo.

Nimemwambia Basile aache gunia. Si kwa huruma ya msitu, nisidanganye daftari. Siku zimebaki nne.

Alhamisi, 10 Julai

Kitenge! Basile ana vipande vya kila rangi. Tumekata mwavuli, masharubu, kiatu. Tumevitia uji mzito wa muhogo, vikakauka, vikawa vigumu kama kola ya padri. Basile ameshona, ulimi nje, anatokwa jasho. Tumefunga juu ya bua kwa uzi wa kijani.

Ukisimama mlangoni ni ua. Ukikaribia ni ua lenye homa. Basi watu wasikaribie.

Jumamosi, 12 Julai

Ruqaiya amerudi magharibi. Umeme hakuna, Mungu mwenyewe amenisaidia. Mmea nimeuweka kona ya mwisho. Nimesema ni amri yako, kivuli. Akasimama mlangoni na ile taa ndogo ya simu. Akaangalia. Akalia!

Alilia kwa furaha. Akanishika bega. Akasema alinidhania vibaya njia nzima kutoka Koboko, nimsamehe.

Akapika kuku. Sikuweza kumaliza.

Nilimaliza, lakini polepole.

Jumapili, 13 Julai

Alfajiri nilimwahi Ruqaiya, nikasema mmea nimeshaupa maji na kuupangusa, akaandae chai ya wageni. Walikuja wanne, na miwani. Mama Viktoria mbele, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu kipande cha ile ya manjano. Ruqaiya amevaa gauni la harusi ya Koboko.

Nikasema tuanze na chai. Wakasema tuanze na ua. Nikasema mbuzi anaumwa, mje mumwone. Wakapita.

Mama Viktoria akaanza kuwafundisha wenzake. Kiatu hiki ni mtego wa adabu, akasema. Mdudu anateleza ndani kwa mbele, hawezi kurudi alikotoka, anapanda ngazi ya nyuma, anatoka na unga wa ua mgongoni, anaupeleka kwa jirani. Wote wakainama kuona. Na kweli wadudu walikuwepo! Sisimizi, mstari mrefu, wanaingia kiatuni. Hawatoki. Wanakula uji wa muhogo.

Kisha Mama Viktoria akavua miwani, akaivaa tena. Pembeni mwa kiatu kulikuwa na maandishi ya kiwanda cha vitenge. Basile! Amekata kwenye pindo!

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Ruqaiya alipiga magoti akafungua uzi taratibu, asijeruhi bua. Akaweka pua kwenye majani. Akasema mmea wake unanuka bibi harusi. Akaniangalia. Nikaangalia dari.

Mama Viktoria akauinua mmea chunguni. Mizizi minene, ya kahawia, yenye manyoya, hai. Na pembeni chipukizi kama ncha ya kalamu. Akasema moshi umeua ua, haukuua mmea. Akasema mizizi kama hii haishonwi na mtu, hii ni miaka minne ya Ruqaiya. Akafungua kikapu. Akampa kile kipande.

Halafu akamwambia akiweke mbali na jua, mbali na moshi, na mbali na mzee.

Jumatatu, 14 Julai

Mimea miwili imelala chumbani na Ruqaiya, mlango umefungwa kwa ufunguo. Mimi niko sebuleni na mbuzi.

Nimefikiri usiku kucha. Kosa nimeliona. Bibi harusi hafukizwi siku moja! Huanzishwa mapema, moshi kidogo kidogo, mwili unazoea. Mimi nililishtua. Lile chipukizi likianza sasa, likiwa changa, baada ya miaka miwili litanukia lenyewe, na Basile ataomba radhi mbele ya watu.

Tatizo ni chetezo. Ruqaiya amekificha.

Jamilah, najua unalisoma daftari hili nikienda msikitini, umeacha alama ya mandazi kwenye ukurasa wa Ijumaa. Ile chupa ya chai ya bluu uliyoivunja, nilimwambia mama yako mkwe ni mbuzi. Mpaka leo mbuzi anaangaliwa vibaya. Basi nawe nisaidie, binti yangu. Nitafutie tu chetezo kiko wapi. Udi ninao.