Pua Mbili za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimemweka shemeji mahali pake. Mama mkwe amesema familia ikikusanyika Jumamosi angependa sebuleni pawe na sanamu ya kichwa cha marehemu baba mkwe. Shemeji, seremala, akajitolea kuchonga. Mti! Nikasema mti ni mambo ya kale, mimi nitamfinyanga kwenye kompyuta, kisha mashine imchape umbo zima kwa plastiki. Wote wakatazamana. Kwa heshima, nadhani. Mke wangu akauliza nimejifunza lini. Nikamjibu kwamba karani aliyekaa masjala miaka kumi na tisa haogopi kompyuta. Programu nimeshaipakua.

Jumanne, 4 Juni
Unapewa donge la udongo kwenye kioo cha kompyuta, unabonyeza na kuvuta. Masomo yako arobaini. La kwanza: kuzungusha donge. Mimi! Nimeruka hadi la thelathini na moja, "Ngozi na Makunyanzi". Kufikia alasiri donge lina makunyanzi ya kupendeza. Uso bado.

Jumatano, 5 Juni
Kuna kitufe cha ajabu: ukifinyanga upande mmoja, wa pili unajifinyanga wenyewe. Masikio mawili kwa kazi ya moja! Nikaweka pua. Zikawa mbili. Mke wangu akapita na kikombe chake cha chai, akasema baba yake alisumbuliwa na mafua, lakini si kiasi hicho. Nikafuta pua kwa hasira. Kichwa nacho kikaenda. Kuhifadhi? Sikuwa nimehifadhi.
Nimepita karakana ya shemeji, kwa bahati tu, mara tatu. Gogo lake lina paji la uso tayari. Akanikaribisha vizuri, akauliza kovu la mzee lilikuwa kwenye nyusi ipi. Ya kulia. Nikamwambia ya kushoto. Vita ni vita.

Alhamisi, 6 Juni
Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama! Programu ina ghala la vichwa vilivyo tayari. Nimechukua "Mzee Namba 7", nikamwongezea sharubu. Mzee ni mzee. Fundi mwenye mashine ya kuchapa akapiga simu, akauliza kama kweli nataka milimita ishirini na tano. Nikamwambia afanye kazi yake, vipimo aniachie mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Baba mkwe anaenea kwenye kifuniko cha chupa. Shangazi almanusura amtafune, akidhani ni karanga. Mama mkwe akavaa miwani, akamgeuzageuza penye mwanga wa dirisha.
"Mwanangu," akasema, "huyu ni yule jirani tuliyegombania naye mpaka wa shamba. Umempata barabara."
Kisha shemeji akafunua kitambaa. Kovu liko kulia. Kumbe alimuuliza na mama yake. Mama mkwe akalipapasa kwa kidole, akalia bila sauti. Mke wangu naye. Hata mimi jicho liliwasha. Vumbi la mti, bila shaka.
Baadaye shemeji akaninong'oneza kuwa alipoanza useremala alichonga miiko tu mwaka mzima. Maskini. Nilimhurumia.

Jumapili, 9 Juni
Nimekaa nikajichunguza kwa uaminifu. Kosa ni la fundi. Angesisitiza.
Mchana nimekutana na katibu wa timu ya mtaa. Wanataka sanamu ya nahodha. Nimemwahidi wachezaji wote kumi na mmoja, tena wakiwa mbioni, ifikapo Ijumaa. Akauliza kama nina uzoefu. Nikamwambia jana tu nimekabidhi kazi ya familia, na watu walitokwa na machozi.