Meno ya Désiré

Jamani, aibu niliyoipata leo ni ya kula na kusaza. Nawaambia mimi mwenyewe kabla Mama Neema hajawaambia. (Najua ameshaanza.)

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu: askari wa plastiki. Wale wadogo wa kijani, wanaokuja na ngome yao, geti na mnara. Siyo wa kisasa. Nataka wa zamani, wa enzi za utoto wetu. Kila Jumamosi natoka kwangu Husby, hapa Stockholm, kuwasaka kwenye masoko ya mitumba, huku wanayaita loppis. Mke wangu ameshauliza: "Baba Ines, hii ni nyumba ya watu au ni kambi?"

Ugonjwa wenyewe una chanzo. Tulipokuwa wadogo kule Bujumbura, baba alituletea seti moja, mimi na kaka yangu Désiré. Seti moja, watoto wawili, ugomvi kila siku. Désiré ndiye aliyepata dawa: kila mtu aweke alama yake kwa meno, pale chini askari anaposimamia. Wa kwangu ang'atwe mara moja, wa kwake mara mbili. Mama alidhani tuna njaa. Vita ilipotufukuza nyumbani tuliacha kila kitu, ngome ikiwemo.

Désiré amefariki mwaka huu. Kaburi lake nimeliona kwenye simu tu. Tangu hapo, nikimshika askari yeyote sokoni namgeuza kwanza, natazama miguuni. Najua, jamani. Najua askari wa Bujumbura hawezi kujileta Stockholm. Lakini nageuza.

Leo nilikuwa loppis ya Hässelby. Bibi mmoja wa Kiswidi alikuwa amepanga vikombe, mapazia, na boksi la askari. Nikamgeuza wa kwanza. Safi. Wa pili. Safi. Nikamgeuza mpiga tarumbeta.

Meno. Mara mbili.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu mwenye mvi hafanyi: nilimtia mdomoni. Nilitaka kupima kama alama zile ni za meno ya mtu. Nikauma. Machozi yakaanza kutoka.

"Baba Ines?"

Mama Neema. Mama wa Kikongo kutoka Norsborg, kiongozi wa kwaya yetu kanisani, na mfuko wa mapazia mkononi.

"Baba Ines, unakula nini?"

Nikamtoa askari mdomoni. "Ni meno ya kaka yangu, Mama Neema. Ya Désiré. Ona."

Msiba aliujua, yeye ndiye aliyetupikia. Hakuuliza la pili. "Seigneur," akasema, "Mungu anatenda." Akaweka mfuko chini, akanikumbatia, akaanzisha pambio. Kwa sauti ileile ya Jumapili. Mimi nikaitikia (na sauti yangu ya besi nikaishika vizuri, msiniulize kwa nini). Waswidi hawana tabia ya kumkodolea mtu macho. Leo walikodoa.

Pambio lilipokwisha, bibi akauliza taratibu kama kuna tatizo. Nikamweleza yote kwa Kiswidi changu cha kazini: seti, kaka, meno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamchukua askari, akavaa miwani, akamgeuza.

"Nej, hapana," akasema. Kisha, kwa upole kabisa: "Hayo ni ya Bosse. Mbwa wetu."

Mama Neema akautazama mdomo wangu.

"Mbwa?" nikauliza.

"Mbwa. Aliwatafuna wengi, wengine tuliwatupa."

Mama Neema akaokota mfuko wake. "Baba Ines, twende unawe kinywa."

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Kwa dakika chache nilikuwa na kaka yangu mkononi, mara sinaye tena. Ilikuwa kama kupigiwa simu ya msiba upya. Nikalia pale pale, katikati ya vikombe vya watu.

Bibi alikuwa bado amemshika askari. "Bosse alikufa zamani," akasema. "Huyu sikukusudia kumuuza, amejichanganya tu na wenzake." Nikadhani anamrudisha mfukoni mwake. Akampangusa kwa leso, akamweka kiganjani kwangu na kunifumba vidole. Hela hakutaka.

Nyumbani nilimsimulia Ines, binti yangu aliyezaliwa hukuhuku. Alinijibu neno moja tu, "äckligt", yaani kinyaa. Sikubishana naye.

Mpiga tarumbeta amesimama dirishani. Jioni hii nimemgeuza tena. Alama mbili, kama zile za Désiré, ni za mbwa, na pembeni kuna moja mpya, yangu. Utotoni hatukuwahi kuwa na askari wa pamoja. Sasa tunaye, mimi na Désiré, na Bosse. Atakayecheka, acheke akiwa kwao.