Kitabu cha Jiwe Dirishani kwa Bwana Kanti

Leo nimeaibika mjini Kisii, na hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Naandika haraka kwa sababu habari zimeshafika vijijini kabla yangu.

Mnajua nimeandika riwaya. (Ndiyo, mimi niliyeishia darasa la nane.) Inatoka mwezi ujao na inaitwa Tutaonana Ekerenyo. Mchapishaji aliniambia nijitafutie duka la kuiuza. Maduka matatu yalikataa. La nne ni la Bwana Kanti, duka la vitabu na vifaa vya shule alilofungua babu yake. Akasema, "Mama, dirisha nakupa siku moja, mpaka saa saba. Watu wakiuliza, naagiza. Wasipouliza, tusisumbuane."

Lakini kitabu chenyewe bado hakijachapwa. Ningeweka nini dirishani? Nikampigia simu fundi wa Tabaka, yule aliyechonga jiwe la kaburi la mume wangu mwaka juzi. Lile jiwe lina umbo la kitabu kilichofunguliwa. Mimi huketi kando yake jioni nikitoka kuchuma chai, na sijaona kitabu cha jiwe kizuri kuliko hicho. Nikamwambia, "Nichongee kingine kama kile, kiwe kidogo. Weka jina langu, jina la kitabu na tarehe ya kutoka."

Leo asubuhi nikalipokea jiwe likiwa ndani ya gunia, nikaliweka dirishani. Kushoto, jina langu kamili. Kulia, "Tutaonana Ekerenyo", na chini yake tarehe. Neno "kinatoka" lilikosa nafasi. Juu kulikuwa na msalaba. (Huo sikuagiza. Fundi alisema ni zawadi.) Mke wa Bwana Kanti, kwa wema wake, akalizungushia maua ya manjano. Mimi nikaweka daftari na kalamu, wanaotaka kitabu waandike majina.

Nililiona zuri. Nimeshalizoea umbo lile.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee wa koti. Akavua kofia, akaandika, akatoka kimya. Nikasoma: "Poleni familia." Nikadhani amechanganya daftari.

Kisha wakaja akina mama wawili wenye vitambaa vya kanisa. Mmoja akanishika mkono.

"Pole, dada. Huyu alikuwa nani wako?"

"Huyu ni mimi," nikasema.

Yule mwingine akasogea karibu na jiwe. "Lakini hii tarehe ni ya mwezi ujao."

"Basi daktari ameshamwambia," mwenzake akanong'ona. Akanigeukia. "Umejipanga vizuri, dada. Wengi hawajipangi."

Kabla sijamjibu, akafumba macho na kuanza kuomba kwa Ekegusii, kwa sauti ya kufika barabarani. Wapita njia wakasimama mlangoni, kofia mkononi. Nikasikia mmoja akiuliza mazishi ni wapi. "Ekerenyo. Si imeandikwa hapo?"

Mimi sikufunzwa kukatiza maombi. Nikainamisha kichwa. Alipomaliza nikaitikia amina, kwa mazishi yangu mwenyewe.

Ndipo nikawaeleza kwamba ni kitabu.

"Yaani tumekuombea bure?" akasema yule mama. "Na wewe unachezea kifo mbele ya watu?" Wakatoka bila kuaga. Wale wa mlangoni walikuwa wameshaondoka, simu masikioni.

Bwana Kanti akatokea stoo. "Nimesikia watu wengi, mama. Wanauliza kitabu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Miaka minne nimeandika riwaya hii kwenye madaftari, na hakukuwa na duka la tano.

"Hapana," nikasema. "Wanauliza mazishi yangu."

Akalitazama jiwe, akalisoma polepole, akamwita mkewe. Mama wa watu akajifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Jina lako wamelisoma?" Bwana Kanti akauliza.

"Wote."

"Na tarehe?"

"Wanaijua kuliko mchapishaji."

Akawaza. "Basi naagiza. Lakini hilo jiwe, mama, ondoka nalo sasa hivi."

Kwa hiyo kitabu kimepata duka. Kesho ni siku ya soko Ikonge na lazima niende. Mkiniona, naombeni msikimbie.