Diski ya Sita Haina Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Seva mpya imefika. Nyeusi, nzito, inanukia kama kiatu cha dukani. Daktari ametuita chumba cha mashine, mimi na Shemeji. Kasema seva ya zamani imechoka. Miaka tisa inatunza vipimo vya macho vya wagonjwa 11,346 wa kliniki hii, na siku yoyote itakata roho. Jumamosi tukishafunga, anataka ile mpya iwe pacha wake: kila faili, kila nywila, hata jina. Kazi ikienda sawa, mmoja wetu atakuwa Mkuu wa Mitambo. Ufunguo wa chumba. Kiti chenye mikono. Jina mlangoni.

Wakati anasema hayo alikuwa anamtazama Shemeji!

Nani aliibeba seva ya zamani mgongoni siku inaletwa? Mimi. Nani alijifunza kazi kwa kufungua redio za majirani bila ruhusa, na nyingi akazifunga vizuri? Mimi. Shemeji ana diploma mbili, zote kwenye fremu. Ndizo zilizompumbaza dada yangu akaolewa.

Imeamuliwa: mimi nitanakili, Shemeji atasimamia. Kusimamia maana yake ni kukaa nyuma ya shingo yangu na kusema "mmh".

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Nimefungua seva mpya. Nafasi sita, diski tano. Muuzaji anasema ya sita itakuja baada ya wiki mbili. Shemeji kasema mmh. Halafu kwa sauti ya pole, ile anayotumia msibani, akasema basi shemeji yangu, mwambie tu Daktari umeshindwa, wala si aibu.

Si aibu! Nimerudi nyumbani sijala. Mke wangu kaniuliza kama naumwa. Nimemwambia naumwa na diploma za watu.

Jibu limenijia nikiwa bafuni, na povu kichwani. Seva ya zamani ina diski sita. Kumbukumbu hazikai kwenye diski moja. Zinakatwakatwa na kugawanywa kote, kwa hesabu ya kwamba diski moja ikifa, tano zilizobaki zinajumlisha na kutoa hadi zinapata kilichopotea. Zikifa mbili, basi tena, hakuna wa kuhesabu. Sasa kama tano zinatosha, ya sita inafanya nini? Imekaa tu! Sita kutoa moja ni tano. Hata mwanafunzi wa darasa la kwanza anajua.

Nitaiazima mpaka ya muuzaji ije.

Jumatano, 5 Machi

Saa nne na dakika kumi asubuhi nimechomoa diski ya tatu. Ya tatu, kwa sababu iko katikati, na watu wakikagua huangalia pembeni. Nikasikiliza. Huko mbele Dada wa Mapokezi anaandikisha mgonjwa kama kawaida. Hakuna aliyestuka. Hongera nimejipa mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunipa.

Kero mbili ndogo. Ya kwanza, mashine ilianza kupiga kelele, piii, piii. Nimeingia kwenye mipangilio nikaikata sauti, lakini Dada wa Mapokezi akawa ameshatokea mlangoni kuuliza nani analia. Nimemwambia mashine inajipima presha. Akatazama saa, akaenda kuandika kitu kwenye daftari lake. Ana daftari la kila kitu huyu. Ukipiga chafya, imeandikwa.

Ya pili, taa ya rangi ya chungwa ikawaka usoni mwa seva, haizimiki. Sasa hapa ndipo akili ya kujisomesha inapoishinda diploma. Hii ni kliniki ya macho. Nimechukua kibandiko kimoja, kile cha kufunika jicho la mgonjwa akishapasuliwa, nikaifunika taa. Barabara!

Diski nimeivika soksi, nikaitia ndani ya begi. Nyumbani mke wangu kauliza kwa nini soksi zangu za harusi zimevaliwa na chuma. Nimemwambia haya ni mambo ya ofisi.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki imesimama! Saa tano kasoro dakika kumi, skrini zote bluu. Wagonjwa wanaulizana. Nimekimbilia chumba cha mashine, nikakuta kwenye seva nafasi mbili wazi. Mbili! Ya tatu naijua. Ya tano je?

Nimeenda nyumbani mbio na kurudi mbio. Mlangoni nikagongana na Shemeji, kakumbatia begi kama kabeba mayai. Akalitazama langu. Nikalitazama lake. Akasema anapita tu kukagua. Nikasema na mimi napita tu.

Tukaingia pamoja. Tukafungua zipu pamoja.

Kumbe bwana huyu alikuwa stoo, anatengeneza pacha wake wa siri kwenye mashine kuukuu, ili Jumamosi anipiku! Na yeye alipungukiwa diski moja. Na yeye alipiga hesabu ya sita kutoa moja. Diploma mbili, na akili ni ileile yangu! Kaniapia kwamba kabla ya kuchomoa alitazama kwanza kama kuna taa ya hatari, hakuiona. Akauliza ni mpumbavu gani aliyelibandika lile jicho.

Nimemwambia labda ni manesi, wanapenda mapambo.

Ijumaa, 7 Machi

Diski zote zimerudi mahali pake, na seva imekataa kuwaka. Inauliza swali moja tu: kati ya hizi mbili, ipi ilitoka mwisho? Iliyotoka mwisho ina kumbukumbu za mpaka dakika ya kukatika. Iliyotangulia iko nyuma siku nzima. Ukiijibu vibaya, inachanganya ya jana na ya juzi, na wagonjwa 11,346 wanakuwa uji.

Daktari kaja mwenyewe. Kauliza nani aliigusa. Shemeji kasema hajaigusa. Mimi nikasema hata chumba chenyewe sikijui vizuri. Daktari akasema atakayekuwa na diski iliyotoka mwisho ndiye ameiokoa kliniki.

Shemeji: ya kwangu ndiyo ya mwisho! Mimi: thubutu, ya kwangu! Shemeji akaniita mwongo wa kuzaliwa. Nikamwambia aliyezaliwa tumbo moja na mwongo huyo ndiye anayempikia.

Pale kwenye benchi kulikuwa na Bibi, mshonaji, macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa leo saa tisa. Namba ya lenzi yake imo ndani ya seva, na mashine ya kupimia huletwa kliniki hapa mara moja kila miezi mitatu. Akasikia kelele zetu, akaniita mwanangu, akaniambia nisihangaike, yeye ukungu ameuzoea. Alitaka tu atunge uzi kwenye sindano mwenyewe, mjukuu anayemtungia anamcheka.

Nikaenda chooni na shajara hii na kifutio. Naandika kwa penseli. Jumatano ingekuwa Alhamisi kwa dakika moja. Mkuu wa Mitambo. Kiti chenye mikono. Kifutio nilikiweka juu ya karatasi, ushahidi huu hapa, kuna alama.

Nimerudi nikasema ya kwangu ilitangulia. Jumatano, saa nne na dakika kumi. Shemeji nusura anibusu.

Tukaijibu seva: ya tano ndiyo ya mwisho. Ikakoroma. Ikawaka! Daktari akafungua faili la Bibi: lenzi namba ishirini na moja na nusu. Akaenda kunawa mikono.

Ndipo Dada wa Mapokezi akafungua daftari lake. Jumatano, 4:10, mashine imelia, kisha Fundi katoka na begi, soksi inaning'inia. Alhamisi, 4:50, Shemeji katoka na begi. Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Kasema hakuna aliyemuuliza, na mimi alinipa dakika tano za kuwa mtu mzima. Nilitumia nne.

Jumamosi, 8 Machi

Pacha amezaliwa. Saa tisa na robo za kunakili, bila kosa hata moja. Diski ya sita ilipatikana, Daktari alimfokea muuzaji kwa simu. Kaagiza pia seva mpya ipangwe upya, iweze kupoteza diski mbili bila kuanguka, kwa sababu, kasema, anafanya kazi na watu wawili kama sisi.

Mkuu wa Mitambo ni Dada wa Mapokezi. Ufunguo kauvaa shingoni. Kiti chenye mikono tumembebea sisi, mimi mbele, Shemeji nyuma. Mkuu mpya kasema mmh.

Jumatano, 12 Machi

Bibi kaja kukaguliwa. Katunga uzi mara ya kwanza, mbele ya watu wote, akanishika mkono akanishonea kifungo cha shati ambacho sikujua kimekatika. Kasema kwa kusikia sauti tu alinidhania kijana.

Habari njema! Mwenye duka la dawa la jirani anataka seva yake inakiliwe. Kaniita mimi, si Shemeji. Nimepungukiwa kitu kimoja tu. Diski.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa dhati. Kosa lilikuwa hesabu. Ile ya zamani iliweza kupoteza moja tu, na tulikuwa wezi wawili. Hii mpya inaweza kupoteza mbili. Nikichukua mimi moja, hata Shemeji akichukua na yeye moja, zinabaki nne, na kliniki inaendelea. Nani atasema sijajifunza?

Nimemwomba Mkuu wa Mitambo ufunguo, nikafute vumbi. Na kibandiko kimoja cha jicho. Vyote kanipa. Halafu akatazama saa, akafungua daftari.

Cheo kimemlevya.