Baiti Hazisengenyi

Jumatatu, 3 Machi

Siku tano zimebaki. Miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha Ijumaa. Nikishindwa, narudi dukani kwa mjomba kupanga nati kwa saizi. Jana kanipigia kuuliza kama koti la kaki bado linanitosha. Mungu apishie mbali!

Kazi yenyewe: kompaila yetu, programu ya kutafsiri, humeza maandishi ya mtunga programu na kutoa faili la Wasm, baiti tupu, chakula cha mashine. Msimamizi anataka sasa ifanye na kinyume chake, ipewe baiti itoe maandishi ya kusomeka. (Kwa siri namwita Debe Tupu, kwa anavyovuma vikaoni.) Nimefungua faili moja. Namba juu ya namba. Nimelifunga.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Akili ni nywele, na zangu leo zimesukwa. Kompaila ikimeza maandishi, naficha nakala pembeni. Mtu akitaka kusomewa baiti, namtolea nakala. Mistari kumi na miwili tu!

Dada Darubini, mkongwe wetu asiyepitwa na kitu, kaniuliza nimefika wapi. Nimesema karibu namaliza. Akanikumbusha chombo ninachounda kisome hata zile sehemu za faili ambazo mashine huziruka. Nikaitika. Sikujua anasema nini.

Jumatano, 5 Machi

Onyesho mbele ya msimamizi. Nikatumia faili langu la zamani, nililolipitisha upya kwenye kompaila. Maandishi yakatoka, mazuri ajabu! Msimamizi akapiga makofi.

Dada Darubini akainama kwenye skrini, akasoma mstari wa saba kwa sauti: hapa sielewi ila inafanya kazi, Debe Tupu asiguse. Ole wangu! Maelezo niliyojiandikia mwenyewe. Msimamizi akauliza Debe Tupu ni nani. Nikajibu ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta.

“Maelezo ya pembeni kompaila huyatupa yote,” dada akasema. “Baiti hazisengenyi, mdogo wangu. Haya umeyatoa wapi?”

Nimekiri habari ya nakala. Hukumu: onyesho jingine Ijumaa saa nne, kwa faili atakaloleta msimamizi mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Dada kanikalisha na penseli na karatasi. Baiti moja moja. Ya kwanza sifuri. Tatu zinazofuata ni herufi: a, s, m. Faili linabisha hodi! Kisha kila sehemu inajitambulisha, inataja urefu wake, ndipo inaanza kusema. Ishirini, kisha sifuri: chukua namba ya kwanza. Ishirini, kisha moja: chukua ya pili. Sita-a (baiti huandikwa kwa tarakimu na herufi): jumlisha. Sifuri-b: basi.

Mtu nisiyemjua alitaka kujumlisha namba mbili, na nia yake imo humu nzima, haijapungua hata chembe. Hakuna baiti iliyokaa bure. Macho yakanilowa, sioni aibu kuandika. Dada kasema siku yake ya kwanza kusoma baiti, naye alitoka nje kuvuta hewa.

Tumeandika chombo hadi ofisi ikafungwa. Safari hii cha kweli. Hata sehemu zinazorukwa kinazisoma, zote.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne. Faili lilikuwa la msimamizi mwenyewe, la mwaka wake wa kwanza kazini. Maandishi yake yalipotea zamani.

Chombo kikasoma. Yakashuka mstari kwa mstari, safi, mizunguko ya maagizo imefungwa sawasawa. Sikuwahi kuandika kitu kizuri hivyo! Mwishoni, katika sehemu ambayo mashine huiruka, yalikuwamo majina aliyozipa kazi zake. Moja aliiita jaribu_tena. Nyingine usikate_tamaa.

Msimamizi akagusa skrini kwa kidole. “Ndiyo mimi huyu,” akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Nimeajiriwa. Nimemdhulumu mtu huyu, sitamwita lile jina tena. Mjomba kapokea habari kwa huzuni.

Jumatatu, 10 Machi

Dawati jipya, mkabala na choo! Hasira zangu nitaziandika wapi, ikiwa kompaila inatupa maelezo yote?

Nimepata! Katika ile sehemu inayorukwa mtu anaweza kuandika lolote, na mashine inapita bila kuangalia. Nimeandika aya tatu kuhusu Debe Tupu na dawati alilonipa, nikazitia ndani ya faili ambalo chombo chetu kitawasomea wageni wa ofisi Jumatano. Nimecheka peke yangu. Mashine yenyewe haisomi, nani mwingine atasoma?